Ghala limejaa, bakuli la mtoto je?

Ukitaka kujua mtoto wako amekua kiasi gani, panda naye basi la mkoani. Nyumbani ukuaji haushtui kwa sababu unamwona kila siku. Ndani ya basi, wewe una kiti kimoja na yeye ana mapaja yako tu, na kila alichojifunza tangu safari iliyopita kinajitokeza chenyewe.

Mara ya mwisho kumpeleka binti yangu Mufindi, mkoani Iringa, kwa bibi yake mzaa baba, alikuwa na miezi saba. Alinyonya, akalala, akaamka Morogoro, akalala tena. Juni hii tumerudi akiwa na miezi 18. Tulitoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, saa 12 asubuhi. Kabla ya Chalinze alikuwa ameshajua kufungua zipu ya mkoba wangu. Kabla ya Morogoro alikuwa amevua kiatu na kumpa mzee wa kiti cha pembeni, akimwambia "chika", yaani "shika". Mzee akashika. Akamrudishia. Akapewa tena. Mchezo huo uliendelea hadi mzee akasinzia na kiatu mkononi.

Barabara ikaingia Hifadhi ya Mikumi, dereva akapunguza mwendo kama sheria inavyotaka. Twiga wawili walikuwa wamesimama karibu na lami. Binti yangu akanyoosha kidole, akasema kwa sauti kubwa, "Ng'ombe!" Basi zima likacheka. Mimi niliangalia kile kidole. Alipoonyesha, aligeuka kunitazama usoni, kuhakikisha kwamba na mimi nimeona. Kisha akageukia tena dirishani.

Kwa mzazi hilo ni jambo dogo, lakini wataalamu wa watoto hulitafuta. Mtoto wa umri huu anapoonyesha kitu ili nawe ukione, anakuambia kwamba ameshaelewa kuwa una macho yako na mawazo yako, na kwamba dunia inaweza kutazamwa na watu wawili kwa pamoja. Neno "twiga" litakuja baadaye. Kidole ndicho kinachotangulia.

Wazazi wengi tunahesabu meno na hatua, tena kwa kushindana. Wangu alitembea akiwa na miezi 14. Wa jirani yangu alitembea na miezi 10, na nilisikia maneno kibarazani. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifuatilia watoto wenye afya njema na kukuta kwamba kutembea bila kushikwa huanza popote kati ya miezi 8 na miezi 18 hivi, na wote hao wako sawa. Wapo hata watoto wachache ambao hawatambai kabisa kwa mikono na magoti. Wanakaa, wanasimama, wanaondoka. Kwa hiyo jirani akikutambia, mpongeze, uendelee na shughuli zako.

Kuna kitu kingine, hata hivyo, ambacho hatukitambii wala hatukiulizi, nacho ndicho nilichokutana nacho mwisho wa safari hii.

Barabara ya chakula

Kutoka Mikumi kupanda Nyanda za Juu Kusini, barabara ni soko refu. Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na joto, vitunguu vinapangwa kwenye nyavu nyekundu kando ya lami. Basi likishapanda kona za Mlima Kitonga, hewa inabadilika na abiria wanaanza kutafuta masweta. Ilula ni nyanya, tenga baada ya tenga. Ukipita Iringa mjini na kuelekea Mafinga yanakuja mahindi, viazi mviringo, maharage, njegere, parachichi. Halafu misitu ya misonobari ya Sao Hill, na kwa wanaoingia ndani zaidi, mashamba ya chai yaliyonyooshwa kama zulia.

Huu ni miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania. Na huu ndio mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta na kiwango cha juu kuliko yote cha udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano: asilimia 56.9. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Miaka sita au saba kabla ya hapo, Iringa ilikuwa na asilimia 42 hivi. Nchi ilikuwa inashuka, Iringa ikapanda. Njombe na Rukwa, nao wakulima wakubwa wa chakula, walifikia takriban nusu ya watoto wao.

Nimeandika takwimu hizo ofisini zaidi ya mara moja. Ni tofauti kuzisoma ukiwa na mtoto mgongoni, unashuka Mafinga saa 11 jioni kwenye baridi ya Juni, na umezungukwa na magunia.

Watoto wawili mlangoni

"Kamwene," mama mkwe alitusalimu kwa salamu ya kwao, nami nikaitika na kuongeza shikamoo yangu. Akampokea mjukuu, akampima kwa mikono, kama bibi wote wanavyopima. "Amekuwa mzito huyu!"

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ameolewa kijiji hicho hicho, nyumba ya tatu kutoka hapo. Alikuja na mwanawe wa kiume, miezi 22. Ni mtoto wa kupendeza: mashavu yamejaa, mcheshi, anajua kuitikia salamu, anajua jina la kila mbwa wa mtaa. Bibi yake anamwita "mume wangu", naye akiitwa hivyo anatembea kwa maringo. Kwa maneno alimwacha binti yangu mbali sana.

Tuliwasimamisha mlangoni ili tuwapige picha. Ndipo sote tukaona. Huyu mkubwa kwa miezi minne alikuwa mfupi kuliko mdogo wake.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mama mkwe akasema kwa upole, "Sisi huku ndivyo tulivyo, mwanangu. Hata baba yake huyo wa kwako alikuwa kafupi hivyo hivyo."

Maneno hayo utayasikia Iringa, Njombe, Rukwa, na kwingine kwingi. Yana faraja ndani yake, na ndiyo maana ni magumu kuyajibu. Lakini WHO ilipotengeneza vipimo vya ukuaji vilivyotolewa mwaka 2006, ambavyo ndivyo msingi wa kadi za kliniki leo, ilipima watoto wa miji sita: Accra, Muscat, New Delhi, Oslo, Pelotas ya Brazil na Davis ya Marekani. Waliochaguliwa ni watoto walionyonyeshwa vizuri, waliolishwa vizuri, wasioishi kwenye moshi wa sigara, wenye huduma ya afya. Katika miaka mitano ya mwanzo walikua kwa mwendo unaofanana sana, awe Mghana, Mwomani au Mnorway. Kimo cha ukoo kinakuja kuonekana zaidi baadaye. Kwa mtoto wa miezi 22, kinachoamua zaidi ni tumbo la mama yake, ziwa, bakuli, maji, choo na magonjwa.

Mizani iliyofungwa mtini

Mama mkwe hakukasirika nilipomwambia hayo. Alikumbuka. Mtoto wake wa kwanza, alisema, alipimwa kwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye tawi la mti. Kila baada ya miezi mitatu wanawake waliitwa, watoto wakavalishwa kaptula za kitambaa zenye kamba, wakaning'inia wakilia, na uzito ukaandikwa. Mtoto akiwa chini, kijiji kilikaa na kuulizana kwa nini.

Huenda hakujua kwamba alikuwa ndani ya historia. Katika miaka ya 1980, WHO na UNICEF kwa fedha za Italia walianzisha Iringa mpango wa lishe ulioanzia vijiji 168. Nguvu yake haikuwa dawa. Ilikuwa ile tabia ya kupima mtoto hadharani, kutafuta sababu pamoja, kuchukua hatua, kisha kupima tena. Utapiamlo mkali ulishuka sana. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mfumo wake wa kueleza kwa nini watoto wanapata utapiamlo, ule unaotaja chakula, malezi, na huduma za afya na mazingira kwa pamoja, ilikuwa imejifunza mengi kutoka vijiji hivi. Yaani dunia ilikuja kusoma huku.

Ile mizani ilipima uzito. Uzito unakamata njaa ya leo na ugonjwa wa wiki iliyopita. Udumavu ni kitu kingine. Ni upungufu mdogo mdogo wa kila siku, unaoweza kuanza mtoto akiwa bado tumboni, na unaandikwa kwenye urefu wa mifupa. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene wa mashavu. Anaweza kuwa na uzito wa kawaida. Kwa jicho haonekani mgonjwa, na pale ambapo nusu ya wenzake wako kama yeye, anaonekana ndiye wa kawaida.

Tulibahatika kuwepo kijijini Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alizungushia mikono ya watoto ule utepe wa rangi: wote wawili kijani. Mizani: binti kilo 10, mpwa wangu kilo 10 na nusu, wote salama. Wifi akatabasamu. Kisha ukaja ubao wa urefu. Walio chini ya miaka miwili hulazwa chali, mtu mmoja anashika kichwa na mwingine ananyoosha miguu. Walilia kwa zamu. Binti yangu sentimita 80. Mpwa wangu sentimita 78.

Mtoto wa kiume wa miezi 22 anatarajiwa kuwa na sentimita 86 hivi. Akiwa chini ya 80, anahesabiwa amedumaa.

"Mbona anakula ugali mpaka anaacha?" wifi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa hukumu.

Yule mhudumu, dada wa makamo, hakumkaripia. Alimuuliza: "Ugali na nini? Na mara ngapi?"

Siku ya wifi yangu

Jibu la swali hilo niliishi nalo siku tisa. Wifi anaamka saa 11 alfajiri. Anawasha moto, anachota maji, anapika uji wa sembe. Saa 1 yuko njiani kwenda kuvuna mahindi, shamba liko mbali. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane, ambaye yuko likizo. Saa sita dada anampa kiazi kilichopoa, kama kipo. Mama anarudi saa tisa au saa 10 na mzigo kichwani. Ugali na mboga ya maboga huwa tayari giza likiingia, na mara nyingine mtoto ameshalala.

Kwa hesabu ya kawaida, huyo amekula mara mbili. Mtoto wa umri wake anahitaji milo mitatu hadi minne midogo na kitu cha katikati mara moja au mbili, kwa sababu tumbo lake ni dogo na kazi ya kukua ni kubwa. Katika mwaka wa kwanza mtoto huongezeka sentimita 25 hivi, na katika mwaka wa pili takriban 12. Urefu huo haujengwi na uji mweupe peke yake. Unataka maharage, karanga, dagaa, yai, maziwa, mboga, tunda, mafuta kidogo.

Na vyote hivyo vilikuwepo. Kuku wanne wanazunguka uani, mayai yanapelekwa gengeni kununulia sabuni na chumvi. Parachichi zinachukuliwa na wafanyabiashara, zilizobonyea zinapewa nguruwe. Maharage yako kwenye gunia ndani ya chumba anacholala mtoto. Wifi si mvivu, wala hajui kidogo. Ana kadi ya kliniki, chanjo zote zimekamilika, ikiwemo surua-rubella ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Alinyonyesha miezi sita bila kumpa hata maji. Anachokosa ni saa. Mwili mmoja unatakiwa shambani, jikoni, kisimani na kwenye bakuli la mtoto, wakati mmoja.

Mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi wa namna ya kusema. Mtu aliyetoka Dar na simu mkononi, mwanawe mrefu, anamwambia nini mama anayeanza kazi kabla jogoo wa tatu hajawika? Nikakaa kimya, nikamenya viazi.

Aliyesema ni mama mkwe. Jioni shemeji yangu alipokuja kumchukua mkewe, alimkalisha, akamwambia alichopimwa mwanawe. Shemeji akashangaa. "Kumbe ni mayai tu?"

"Si mayai tu," mama mkwe akajibu. "Ni mkeo kurudi saa sita."

Wakazungumza mpaka moto ukafifia. Makubaliano yalikuwa haya. Mayai mawili kila siku yanabaki nyumbani, moja la mtoto na moja la dada yake. Parachichi zilizobonyea hazimfikii nguruwe kabla ya mtoto. Uji utapikwa wa dona, na ndani yake unga wa karanga au maharage yaliyopondwa. Mtoto atakuwa na bakuli lake peke yake, lisilochangiwa, ili mama aone kimeliwa kiasi gani. Kuokota mahindi ya mwisho na kuyabeba itakuwa kazi ya shemeji na kaka zake, ili wifi awe amerudi saa sita. Na mikono inanawishwa kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu kuhara kwa mara kwa mara kunaiba kile kile ulichopika.

Sitasema kwamba yote yamefuatwa. Siku ya nne mvulana wa genge alipita kuuliza mayai, nikamwona shemeji anasita, akitazama debe la sabuni lililo tupu. Akampa moja.

Kwa wewe mwenye kadi mkononi

Wazazi wa mjini tusijione tumepona. Mtoto anayeshinda na soda na biskuti ghorofani anaweza kukosa kile kile anachokosa mtoto wa Mufindi. Dirisha kubwa la kukua kimo na ubongo ni siku 1,000, kuanzia mimba inapotungwa hadi siku ya kuzaliwa ya pili. Baada ya hapo bado kuna la kufanya, na mtoto aliyedumaa si mtoto aliyeharibika: anasoma, anacheza, anapendwa, na kila mlo mzuri bado una faida kwake. Ila kurekebisha kimo kunazidi kuwa kugumu. Mpwa wangu alikuwa na miezi miwili ya dirisha hilo.

Ukienda kliniki mwezi huu, usiridhike na uzito. Kipo kituo kimoja nilichowahi kwenda ambako ubao wa urefu uliegemezwa nyuma ya kabati na hakuna aliyeugusa. Omba kwa adabu: "Naomba mnipimie na urefu." Uandikwe kwenye kadi. Baada ya miezi mitatu, omba tena, ulinganishe. Juni na Desemba, mpeleke mwenye miezi sita na kuendelea apate matone ya vitamini A, na aliyefikisha mwaka apate dawa ya minyoo.

Baba, kama unasoma haya, bakuli la mtoto linaanzia kwako pia. Uliza nani yuko na mtoto saa nne asubuhi, na amempa nini. Kama jibu ni "hakuna", angalia ni kazi gani ya mama unayoweza kuibeba wewe.

Na yale mengine tuendelee kuyafurahia: kidole kinachoonyesha twiga, kiatu kinachogawiwa kwa abiria, jina la mbwa wa jirani. Ni dalili kwamba kichwa kinafanya kazi, na kichwa hicho kinahitaji mwili wa kukibeba.

Wiki mbili baada ya sisi kurudi, wifi alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za kugombania kitu. Dada mtu alikuwa amejaribu kumega yai la mdogo wake, na yule mtoto wa miezi 22 akalikumbatia bakuli na kutamka neno ambalo hakuwa nalo tulipoondoka.

"Langu!"

Watampima tena Septemba.